Nimewapa maksi wanaotoa maksi: rivyu ya Metacritic na wenzake, kutoka Nkuhungu

Wadau habari za wikiendi. Leo sirivyu gemu, leo narivyu wale wanaorivyu magemu, maana tumewaamini kama matokeo ya mtihani wa taifa wakati hela inayotoka ni ya kwetu. Nazungumzia Metacritic hasa, na OpenCritic, tovuti zinazokusanya maksi za magemu, na zile asilimia za Steam, lile duka la onlaini la magemu ya kompyuta, na wale jamaa wa tovuti za IGN na GameSpot na kumi zao. Nimewatumia miaka mitano na ushee kuamua ninunue nini, nikiwa hapahapa Dodoma, Nkuhungu, na konsoli ya mtumba na mshahara ambao haujawahi kufika tarehe ishirini ukiwa mzima, kwaiyo naona nina haki ya kuwasahihishia na wao.

Kwanza tuelewane kuhusu hela. Gemu kubwa mpya ya PS5 siku inatoka ni dola 70 huko kwao, piga hesabu unavyotaka, dola ipande ishuke unaangukia kwenye laki na sabini kitu, laki na themanini. Hapa hiyo ni kodi ya chumba kizuri tu na chenji ya gesi. Mtu wa huku hanunui magemu kumi kwa mwaka, ananunua mawili, matatu kama kuna dili limekaa vizuri, yaliyobaki ni kubadilishana CD na washkaji au kusubiri yawe mtumba. Ukibugi hujapoteza wikiendi, umepoteza msimu mzima. Ndo maana ile namba ya kijani ya Metacritic inalewesha, unaona 93 pale unajisemea hapa siibiwi.

Sasa hiyo namba inapikwaje. Metacritic ipo tangu 2001 na yenyewe haikai chini kucheza kitu, inakusanya marivyu ya wengine, huyu katoa nyota tano, huyu kumi, huyu mia, inazigeuza zote ziwe mia alaf inatafuta wastani. Ila siyo wastani ule wa darasa la sita wa kujumlisha na kugawanya, hapana, kila chombo wamekipa uzito wake na uzito huo ni siri yao. Ni kama mtihani ambao mwalimu anakwambia kuna maswali yana maksi nyingi kuliko mengine ila hakwambii yapi. OpenCritic walipokuja 2015 wakasema sisi ni wastani wa kawaida tu hamna kufichana, na pembeni wanakuwekea asilimia ya wakosoaji wanaokwambia kabisa nunua. Hiyo asilimia ishike, nitairudia.

Alaf kuna rangi. Kwa magemu Metacritic kijani inaanzia 75, njano 50 mpaka 74, chini ya hapo nyekundu. Mtu aliyesoma bongo hapo lazima ashtuke kidogo kwasababu 75 ndo A ya form foo kwa NECTA, pia inaanzia hapohapo! Ila ufanano ndo umeishia hapo. NECTA ukipata 45 ni C, unapiga simu nyumbani, ukipata 30 ni D na umefaulu, cheti unacho. Kwenye magemu 65 ni msiba. Gemu ya kampuni kubwa ikipata 65 watu wanaweka picha za majeneza. Kwanini? Kwasababu zile mbovu kabisa hakuna anayepoteza muda kuzirivyu, na gemu iliyotumia mamilioni ya dola si rahisi iwe haichezeki kabisa, na pia anayepewa kurivyu gemu ya mashindano ya magari mara nyingi ni yule anayependa magari. Kwaiyo mizani yote imesogea juu, nusu ya chini haina watu. Sabini ya gemu isome kama thelathini na tano ya shule, hutapotea sana.

Na usifikiri ni mchezo wa mashabiki tu, kuna watu wamekosa hela kwa hizo namba. Fallout: New Vegas ya 2010, waliotengeneza ni Obsidian, walikuwa na makubaliano ya bonasi ikifika 85 Metacritic. Ikapata 84. Moja! Mmoja wao ndo alikuja kuisema hadharani 2012. Mi nilivyosoma hiyo nikamkumbuka rafiki yangu aliyekosa divisheni wani kwa pointi moja, mpaka leo ukimtajia kemia anabadilisha stori.

(Wajapani wana jarida lao Famitsu, pale gemu inapewa watu wanne, kila mmoja kumi zake, jumla arobaini. Ya kwanza kupata arobaini kamili ni Zelda ya Ocarina of Time, 1998, na ndo hiyohiyo iko juu ya wote Metacritic na 99 yake. Mfumo wa wanne naukubali, angalau unaona yupi kati yao kakunja sura.)

Haya twende kwenye banda, maana huku ndo zile namba nilizipima.

Mtaani kwetu kuna banda la gemu, skrini nne, PS4 tatu na PS5 moja imefungiwa kwenye boksi la chuma kama mahabusu, vinatoka waya tu. Mechi ya mpira mia tano, ukitaka gemu nyingine unalipa kwa saa, buku mbili. Mwenyewe ni kaka mmoja mpole, anauza na maji ya baridi na karanga, na upepo wa mwezi wa nane ukianza kuleta vumbi lake anazifunika mashine kwa kitenge kama watoto wachanga. Sheria ya banda ni moja, anayefungwa anatoka.

Humo karibu wote wanacheza mpira, ile ya EA. Wakosoaji kila mwaka wanaipa sabini na kitu, FC 24 sabini na kitu, FC 25 sabini na kitu, na sababu ni zilezile, haijabadilika sana na ile Ultimate Team, sehemu ya kununua wachezaji onlaini, inakamua watu hela. Ukienda kwa watumiaji wenyewe wanaichana vibaya zaidi. Na wana haki, sibishi. Ila nilimuuliza kaka wa banda, hivi hizo vifurushi vya wachezaji vya kununua vinakusumbua? Akanitazama. Banda halina intaneti, Ultimate Team pale ni kitufe tu kwenye menyu ambacho hakuna mtu amewahi kukibonyeza. Kwaiyo zile maksi walizokata kwa kosa hilo zimekatwa kwa kosa ambalo Nkuhungu halifiki! Na lile la "haijabadilika sana" kwa banda ndo sifa, maana wateja hawataki kujifunza upya, wao wanauliza tu kikosi kipya kipo, na kaka ananunua mwaka mmoja anaruka mwaka mmoja. Kwa banda ile gemu ni tisini na tano. Inalipa kodi ya fremu.

Hapo ndo nikaanza kuona tatizo lilipo. Namba ni moja lakini ndani kuna vitu ishirini vimechanganywa, kuna maksi zimekatwa kwa mambo ambayo hayakuhusu na kuna ambazo zilitakiwa zikatwe kwa ajili yako hazikukatwa, na ukiangalia namba peke yake huwezi kujua.

Mfano wa hizi za pili ninao, na unaniuma. Desemba 2020. Cyberpunk 2077. Nilikuwa na PS4, siyo Pro, ile ya kawaida, ikiwaka feni utadhani Antonov inaondoka. Marivyu yakatoka siku chache kabla ya gemu, tisini, tisini, kijani tupu. Nikachanga na mwenzangu niliyekuwa naishi naye, tukaagiza CD Dar ikaja na basi. Kumbe wakosoaji walikuwa wamepewa ya kompyuta tu! Konsoli hawakupewa, na hata video walizoruhusiwa kuonyesha kabla ya siku ya kutoka ni zile za kampuni yenyewe. Sisi tukaweka CD ndani, watu hawana nyuso, magari yanadondoka kutoka angani, ukigeuka haraka mji mzima unasubiri upakie, kila saa inakresh. Marivyu ya PS4 yalipokuja kukusanywa yakakaa hamsini na kitu wakati ya kompyuta ni themanini na kitu, gemu ileile jina lilelile. Ilitoka tarehe 10, wiki moja baadae Sony wakaitoa kabisa kwenye duka lao la onlaini, ikarudi Juni 2021. Huko mbele waliitengeneza kweli, na 2023 wakaleta nyongeza yake, Phantom Liberty, ikawa gemu ya maana, ila hiyo haikuturudishia sisi kitu, CD tuliiuza nusu bei kwa jamaa wa Chang'ombe aliyesema ana PS4 Pro na ana imani.

Kwaiyo sasa hivi kitu cha kwanza naangalia siyo namba, naangalia ni ya mashine gani. Metacritic wanazitenganisha, kuna ukurasa wa PS5, wa kompyuta, wa Xbox, usisome ule wa juu tu. Na naangalia marivyu yametoka lini. Kampuni zinawapa wakosoaji gemu mapema na kuwafunga mdomo mpaka siku na saa fulani, hiyo kawaida. Ila ukiona midomo imefunguliwa saa ileile gemu inaanza kuuzwa, kaa mbali na M-Pesa yako kwanza, subiri siku mbili tatu.

Elden Ring. 96. Gemu bora ya mwaka 2022. Kaka wa banda aliletewa CD na mtu akaniambia wewe si ndo unasomaga hizo namba, ijaribu. Nikalipa saa moja, buku mbili. Nje tu ya mlango wa kwanza kuna yule mpanda farasi wa dhahabu, akaniua. Nikamrudia, akaniua. Nikamkwepa nikafika kwa bosi anaitwa Margit pale darajani nimebakiwa na dakika kumi na tano, dakika kumi na tano zote nimekufa, dogo mmoja nyuma yangu anahesabu kwa sauti, banda zima limegeuka. Natoka pale nikasema hawa wakosoaji wana wazimu, 96 ya nini, nimelipa kuteswa. Nusu mwaka baadae nikapata PS5 yangu nikaicheza nyumbani kwa wiki sita, usiku baada ya kazi, nikifa nachemsha chai narudi, na wallahi ile 96 ni halali yake, labda hata wameinyima. Gemu haikubadilika. Kilichobadilika ni kwamba hakukuwa na mtu ananihesabia dakika. Mkosoaji naye hahesabiwi dakika, anapewa gemu bure na kucheza ndo ajira yake, kwaiyo gemu inayomtesa saa kumi za kwanza alaf inafunguka ataipa 96 kwa moyo mweupe. Anayelipia saa zile kumi yeye mkosoaji hamjui.

Umeme sasa. Huu hakuna mkosoaji nimewahi kumsoma akiugusa. Kingdom Come: Deliverance II ilitoka Februari 2025, Wacheki wale, ikapata karibu tisini, na ilistahili, ni gemu ya kijana wa kijijini zamani za wapanda farasi na mapanga, ukinuka watu wanakusema. Nzuri sana. Lakini kusevu mwenyewe unapotaka lazima unywe pombe! Kuna chupa ndogo ya dawa ya kienyeji, ukinywa ndo inasevu, chupa zikiisha ni ulale kitandani, au usubiri hatua fulani za misheni, au ufunge gemu kabisa. Marivyu mengi yakasifia kwamba inakupa uzito, kila uamuzi unauogopa. Sawa. Mi siku hiyo nilikuwa nimetembea msituni saa nzima na dakika kadhaa, nimeiba, nimekamatwa, nimetoroka, chupa sina, umeme ukakata. Giza. Mtaa mzima ule mguno unaujua. Uliporudi konsoli ikaanza kunifundisha kwamba nisichomoe bila kuizima, nikaiambia mama siyo mimi. Nilijikuta kitandani asubuhi ya juzi yake. Baada ya hapo nikanunua UPS, na nikawa nachemsha zile dawa chupa kumi kumi kama mpika gongo. Elden Ring kwa upande huo haina maneno, inasevu yenyewe kila baada ya muda mfupi. Kwa hiyo kwa mtu wa huku ningependa kila rivyu iwe na mstari mmoja tu, inasevu lini. Mstari mmoja!

Na mstari wa pili uwe GB ngapi. Baldur's Gate 3 ilipata 96 mwaka 2023, kila mtu akasema ya karne, sawa, zaidi ya GB mia moja za kushusha, na bando la simu. Kuna mshkaji yuko Ihumwa alikuwa anaishusha usiku tu kwa vipande, wiki mbili, alivyomaliza ikaletwa apdeti.

Ila wakosoaji wakipatia huwa wanapatia kweli, tusiwe wachoyo. Split Fiction, Machi 2025, wale jamaa wa Hazelight wa Sweden, tisini na moja hivi. Haichezwi na mtu mmoja, ni wawili lazima, skrini inakatwa kati, au kama mko mbalimbali mmoja ananunua mwenzake anashusha pasi ya bure. Bei yenyewe ilikuwa dola 50 siyo 70. Likizo ya mwezi wa sita mdogo wangu wa kike alikuja kutoka Kondoa, yuko form two, hajawahi kushika pedi ya PS5, nikampa. Siku mbili za kwanza tulikuwa tunagombana, ananiambia kaka ruka, mi namwambia ruka wewe, siku ya tatu yeye ndo ananivuta. Kuna sehemu mnageuka nguruwe mnaruka ruka shambani raha mustarehe, sitasema mwisho wake, ila alilala bila kula soseji. Nilipomuonyesha kaka wa banda hakuuliza imepata ngapi, aliuliza, "Hiyo wanacheza wangapi?" Nikasema wawili. Akanunua wiki ileile. Swali lake hilo wakosoaji wanaliweka kwenye kona ya chini kabisa ya rivyu pamoja na jina la mchapishaji, wakati kwa banda, na kwa nyumba yenye watoto wanne na pedi mbili, ndo swali la kwanza.

Sasa upande wa pili, wananchi. Wengi wanasema achana na wakosoaji, soma maoni ya wachezaji wenyewe, wao wametoa hela yao. Ni kweli na siyo kweli. Black Myth: Wukong ya Wachina, Agosti 2024, wakosoaji waliipa themanini na moja mbili hivi, wakati kule Steam zaidi ya tisini na tano kati ya mia walinyanyua dole gumba, na ikauza nakala milioni kumi ndani ya siku tatu. Nimeicheza ya kuazima, mi niko na wananchi hapo, wakosoaji walikata maksi kwa kuta usizoziona zinazokuzuia kutembea, mi kuta sikuziona kweli maana nilikuwa bize kupigwa na mabosi. Monster Hunter Wilds ya Februari 2025 ikawa kinyume, wakosoaji 88, Steam wakaichana kwasababu kwenye kompyuta zao ilikuwa inakwama kwama, na wale wenye mashine za kawaida ndo walikuwa sahihi kwa watu wa mashine za kawaida, yaani sisi.

Lakini wananchi haohao wana jazba. The Last of Us Part II ilitoka Juni 2020, wakosoaji 93, watumiaji ikaanguka mpaka tatu na kitu kwa kumi ndani ya masaa, na ile gemu inachukua masaa ishirini na zaidi kuimaliza! Walimaliza saa ngapi? Wengi walishachukia stori kabla hawajaweka CD. Metacritic ikabidi waweke utaratibu, ukitaka kutoa maksi kama mtumiaji unasubiri saa 36 baada ya gemu kutoka. Ni kama mashabiki wa Simba na Yanga kumpa maksi refa kabla mechi haijaanza, inafanana kabisa.

Hata hivyo kuna siku jazba ya wananchi ilitusaidia kuliko kalamu ya mkosoaji yeyote. Mei 2024, Helldivers 2. Ile gemu ilikuwa imeshauzwa miezi mitatu kwenye Steam, Sony wakatangaza kwamba wachezaji wa kompyuta lazima wafungue akaunti ya PSN, mtandao wa PlayStation. Sasa PSN ukifungua akaunti unachagua nchi, na Tanzania kwenye orodha haipo, wote mliofungua za Marekani na za Afrika Kusini mnajijua, nami nimo. Nchi zaidi ya 170 zikaondolewa kwenye mauzo. Maksi za wakosoaji? Zilibaki pale pale themanini na kitu, kwasababu rivyu ikishaandikwa imeandikwa. Ila Steam watu walishusha madole gumba maelfu kwa maelfu kwa siku chache mpaka Sony wakarudi nyuma. Siku ile mtu wa Dodoma akiangalia Metacritic anaona kijani, akiangalia Steam anaona nyekundu na sababu yake imeandikwa. Kwaiyo kwa wananchi mi nasoma sababu tu, namba zao siangalii kabisa.

Clair Obscur ndo ya mwisho nataka kuigusa kwasababu mmeniuliza sana, Expedition 33, ya Wafaransa wa Montpellier, Aprili 2025, tisini na mbili tatu, na Desemba ikabeba gemu bora ya mwaka kwenye The Game Awards pamoja na tuzo nyingine kibao. Stori inakutoa machozi, muziki usiseme. Mapigano ni ya zamu, unapiga anapiga, dogo wa jirani aliniuliza kwanini wanasubiriana kama wako foleni ya benki. Ila adui akipiga lazima ukinge kwa wakati sahihi kabisa, nukta ya sekunde, na hapo wiki nzima nilikuwa nachelewa. Nilijua mimi ndo mzee. Kumbe ni TV! TV yangu ni zile za bei poa, picha inachelewa kidogo baada ya kubonyeza. Nikaingia kwenye mipangilio nikawasha modi ya gemu, kesho yake nakinga kama golikipa wa taifa. Ningeiuza ile gemu kwa hasira, na ingekuwa kosa la skrini. Kama unayo na unaona haikutaki, jaribu hilo kwanza kabla hujaja kutukana.

Haya, maksi. OpenCritic nampa 78, kijani, kwa ile asilimia niliyosema uishike, maana mkosoaji akilazimishwa kujibu nunua au usinunue anakuwa mkweli kuliko akiambiwa achague kati ya 83 na 86, hakuna binadamu anayejua tofauti ya 83 na 86. Steam 70, angekuwa juu ila mizaha imezidi, unafungua rivyu unakuta mtu kaandika kuhusu paka wake. Wakosoaji mmoja mmoja wanatofautiana, ushauri wangu tafuta wawili ambao mnagombana nao kwa kutabirika, mi kuna mmoja akisema gemu ni ndefu kupita kiasi najua hiyo ni yangu. Kaka wa banda na swali lake moja 90. Metacritic wenyewe nilikaa nao sana mpaka jana usiku nikifikiria, kazi wanafanya, imeniokoa na takataka nyingi tu, Gollum ya 2023, ile ya Lord of the Rings, ningeinunua kwa jina bila wao, lakini ule uzito wa siri na Cyberpunk yangu ya PS4 siwezi kusahau, nimewapa 64. Kwa NECTA ni C, B inaanzia 65. Kwa rangi zao wenyewe ni njano. Hiyo moja nimewanyima makusudi, wakaulize Obsidian inavyouma.

Alaf nina CD ya Kingdom Come II ya PS5, haina mkwaruzo, natafuta Wukong au Ghost of Yōtei tubadilishane moja kwa moja bila kuongezeana. Tukutane banda au pale Nyerere Square Jumamosi jioni, kuja na konsoli ya kujaribia siyo lazima, nitakuja na yangu na UPS yake.